Siku Arobaini za Mzazi: Historia Fupi ya Ulezi wa Mama na Mtoto Mchanga Katika Kenya



Vyama vya msaada kama hiki chetu vilianza mijini kwa haja zilizo wazi: kumsafirisha na kumzika mtu aliyefia ugenini, kumwangalia mgonjwa asiye na jamaa karibu, na kumsaidia mtoto wa shule aliyekwama kwa karo. Kazi hizo ni njema, na hapana mwenye akili awezaye kuzibeza. Hata hivyo, mwenye kufunua vitabu vya taarifa vya vyama vya namna hii ataona kwamba habari za matanga hujaa kurasa, na habari za uzazi mara nyingi hazipati hata mstari mmoja. Mtu akifa, twaondoka sote. Mtu akizaliwa, twatuma salamu. Je, ndivyo walivyofanya wazee wetu? Makala hii yataka kulijibu swali hilo kwa njia ya historia, ili tujue ni kitu gani tulichokiacha njiani, nani alikiokota, na ni kipi ambacho hata leo hakina mwenyewe.

Desturi za Zamani

Katika pwani yetu, mwanamke aliyejifungua karibuni huitwa mzazi, na muda wake ni siku arobaini. Katika siku hizo hakutakiwa kupika, wala kuchota maji, wala kutoka nje. Mkunga alimkanda kwa maji ya moto, akamfunga tumbo kwa kitambaa kirefu kiitwacho mkaja, na jamaa wakamletea uji wa pilipili manga na vyakula vya kumrudishia nguvu. Mtoto naye alibebwa mgongoni kwa nguo iitwayo mbeleko. Watu wa pwani waliyaheshimu mambo haya hata wakayaingiza katika ndoa: kijana anapooa, pamoja na mahari hutoa fedha za mkaja na za mbeleko, apewe mama wa binti. Maana yake ni nzito. Kijana hukiri mbele ya watu kwamba mke anayempata alikuwa mtoto mchanga, kwamba liko tumbo lililofungwa na mgongo uliombeba kwa ajili yake, na kwamba deni hilo halina budi kukumbukwa.

Bara nako hali haikuwa mbali na hiyo. Miongoni mwa Wakikuyu, kuzaliwa kwa mtoto kulitangazwa kwa vigelegele, vitano kwa mvulana na vitatu kwa msichana. Kisha wanawake wa jirani wakamwendea mzazi na zawadi za kuni na vyakula, ziitwazo itega. Akapikiwa njahi, yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe, ambayo hata leo hayakosekani katika nyumba ya mzazi wa Kikuyu. Miongoni mwa Waluo alikuwako nyamrerwa, mkunga aliyejua dawa za miti, aliyemhudumia mama kabla ya kuzaa na mtoto baada ya kuzaliwa. Watu hawa hawakukaa baraza moja wakashauriana, lakini waliafikiana katika jambo moja: mzazi haachwi peke yake, wala hafanyizwi kazi. Ndiyo maana ya methali tuliyorithi, mkono mmoja haulei mwana.

Haifai lakini kuzisifu zamani kupita kiasi. Mama ambaye mtoto alikwama tumboni hakuwa na daktari wa kumpasua. Aliyetokwa na damu nyingi mara nyingi alizikwa. Mahali pengine kitovu kilipakwa majivu au samadi, na pepopunda ikawachukua watoto wachanga kabla hawajapewa jina. Mahali pengine dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, yalikamuliwa yakamwagwa kwa kudhaniwa kuwa machafu, mtoto akapewa maji au uji. Leo twajua kwamba dang'a ni kinga ya kwanza ya mtoto dhidi ya maradhi, na kwamba kwa miezi sita ya mwanzo maziwa ya mama yanamtosha bila hata tone la maji. Basi wazee walituachia hazina, na ndani yake mlikuwa na vitu vya kutupwa.

Mji wa Wanaume Peke Yao

Nairobi ya wakoloni haikujengwa kwa ajili ya jamaa. Mwafrika alitakiwa kama mfanyakazi, alale kitanda kimoja katika chumba cha watu wengi, na nguvu zikimwishia arudi kwao. Hata mshahara wake ulipimwa kwa mahitaji ya kapera. Katika mwaka 1954 kamati ya serikali ya kuchunguza mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na F. W. Carpenter, ndiyo iliyoshauri kwamba mshahara upandishwe hatua kwa hatua hata umtoshe mtu mwenye mke na watoto.

Tufikiri, basi, juu ya mwanamke aliyejifungulia mjini katika miaka hiyo. Mama yake alikuwa mbali, mama mkwe alikuwa shambani, na mumewe aliondoka alfajiri kwenda kazini. Nani angempikia uji? Nani angemchotea maji kwenye bomba la mtaa? Majirani wema walikuwako, nao walifanya waliyoweza. Lakini desturi iliyohitaji ukoo mzima haiwezi kubebwa na jirani mmoja. Siku arobaini zikapungua zikawa siku chache, na mzazi akarudi kwenye mtungi na jiko kabla mifupa haijakaza.

Nyumba za Uzazi

Katika mwaka 1926 Lady Grigg, mke wa Gavana Sir Edward Grigg, alianzisha juhudi za kuwahudumia wazazi na watoto wachanga, na nyumba ya uzazi iliyoitwa kwa jina lake ikawekwa Pumwani, katika mtaa wa Waafrika. Mombasa nayo ilipata nyumba ya uzazi yenye jina hilo hilo. Pumwani palifundishwa pia wakunga wa Kiafrika, na hili ni jambo kubwa, kwa sababu mama mwenye uchungu hutulia zaidi akisikia lugha anayoifahamu. Mwaka 1944 Baraza la Manispaa la Nairobi likaitwaa hospitali hiyo. Leo iko chini ya Kaunti ya Nairobi, ina vitanda vya wazazi zaidi ya 300, na wako wazee wengi miongoni mwetu ambao wajukuu wao walipiga kilio cha kwanza ndani ya kuta zake.

Kwingineko kazi ilifanywa na misheni, kama vile Tumutumu, Chogoria na Maua, na mabaraza ya wenyeji katika wilaya kadha yakatoa fedha za kodi kujenga wodi za uzazi. Katika mwaka 1952 kikaanzishwa chama cha Maendeleo ya Wanawake, ambacho vilabu vyake vilifundisha usafi, mapishi na malezi ya watoto. Lakini mwaka huo huo ndio Hali ya Hatari ilipotangazwa. Kuanzia mwaka 1954 watu wa Mkoa wa Kati walikusanywa katika vijiji vyenye ulinzi, na wanawake wengi wakalazimishwa kuchimba mahandaki, wakati njaa imo majumbani. Wazee wetu wanajua watoto walivyodhoofu siku zile. Somo la malezi halimsaidii sana mama ambaye mikono yake imeshikishwa jembe la lazima.

Baada ya Uhuru, serikali iliondoa mwaka 1965 ada za matibabu katika zahanati na vituo vya umma. Mwaka 1980 mpango wa taifa wa chanjo ulianzishwa. Februari 1987 mkutano wa mataifa ulikutana Nairobi, na hapo ndipo ulimwengu ulipozindua juhudi za Uzazi Salama. Lakini mwaka 1989 ada zikarudishwa, na wazazi wengi wakaonelea heri kubaki nyumbani. Mnamo tarehe 1 Juni 2013 malipo ya kujifungua katika hospitali za serikali yakafutwa. Mwaka 2016 ukafuata mpango wa Linda Mama. Na mwaka 2024 bima ya zamani ilipoondolewa, gharama za uzazi zikaingizwa katika Bima mpya ya Afya ya Jamii.

Mizani ya Hesabu

Matunda ya kazi hiyo yaonekana. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba katika kila uzazi 100, ni 40 tu uliotokea hospitalini au katika kituo cha afya. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha 82. Katika watoto 1,000 waliozaliwa hai, waliokufa kabla ya kutimiza mwaka walikuwa 77 katika hesabu ya mwaka 2003, na 32 katika hesabu ya mwaka 2022. Mwaka 2018 Kenya ilithibitishwa kwamba imeishinda pepopunda ya wazazi na watoto wachanga. Tumshukuru Mungu, na tuwashukuru wauguzi.

Lakini naomba wanachama watazame hesabu nyingine iliyo ndani ya hiyo. Katika wale 77 wa mwaka 2003, waliokufa ndani ya mwezi wa kwanza walikuwa 33. Katika wale 32 wa mwaka 2022, waliokufa ndani ya mwezi wa kwanza ni 21. Maana yake ni kwamba vifo vya watoto wakubwa kidogo vimepungua sana, na vya wachanga vimepungua polepole. Hata sasa karibu thuluthi mbili za vifo vya mwaka wa kwanza hutokea katika mwezi wa kwanza. Mauti yamefukuzwa sehemu nyingi za nyumba, yakajibanza katika chumba cha mzazi.

Na ni nani aliye katika chumba hicho? Mama ambaye uzazi wake ulikuwa salama huruhusiwa kwenda nyumbani baada ya siku moja au mbili. Shirika la Afya Ulimwenguni lashauri akae kituoni saa 24 kwa uchache, kisha aangaliwe tena kati ya saa 48 na 72, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena katika wiki ya sita. Madaktari nao huhesabu vifo vya uzazi mpaka siku ya 42 baada ya kujifungua. Siku 42! Wazee walisema arobaini. Elimu ya vitabu imezunguka ulimwengu, ikafika pale pale alipoketi mkunga wetu na sufuria yake ya maji ya moto.

Sheria imejaribu kuziba pengo. Sheria ya kazi ya mwaka 1976 ilimpa mama likizo ya miezi miwili, lakini akaipoteza likizo yake ya mwaka. Sheria ya mwaka 2007 ikampa miezi mitatu yenye mshahara kamili, na baba wiki mbili. Mwaka 2012 ilitungwa sheria ya kuzuia wauzaji wa maziwa ya kopo wasiwashawishi wazazi, na mwaka 2019 Pumwani ikafunguliwa benki ya kwanza ya maziwa ya mama katika Kenya, ili mtoto asiye na maziwa anyonyeshwe ya mama mwingine. Lakini mama auzaye mboga sokoni hana mwajiri wa kumpa likizo, na sheria haiwezi kumchemshia mtu uji. Tena uko ugonjwa usioonekana kwa macho: katika nchi kama zetu, takriban mama mmoja kati ya watano hupata maradhi ya moyo na akili baada ya kuzaa, hasa huzuni nzito. Huyo si mvivu, wala hakurogwa. Anahitaji kusikilizwa na kupelekwa kwa daktari. Waliokaa naye zamani wangaliiona hali yake siku ya tatu. Leo ataionwa na nani?

Shauri kwa Chama

Historia hii yatuambia kwamba serikali na misheni ziliichukua siku ya kuzaa, wala hazikuzichukua siku arobaini, kwa sababu hizo hazikuwa mali yao. Zilikuwa mali ya jamaa. Na mjini, jamaa ni chama. Kwa hiyo naleta mbele ya Wazee na mkutano mkuu mashauri manne.

Kwanza, pawe na mfuko wa uzazi kando ya mfuko wa matanga, hata ukianza na fedha kidogo, wa kumnunulia mzazi makaa na chakula.

Pili, kina mama wa chama wapangwe kwa zamu kumzuru kila mzazi, hasa katika wiki mbili za mwanzo, kupika, kufua na kuzungumza naye, na kumsindikiza kliniki siku zake zikifika.

Tatu, kila nyumba ijue dalili za hatari. Kwa mama: damu nyingi, homa, kichwa kuuma sana, macho kuona kiwi, degedege. Kwa mtoto: kukataa kunyonya, mwili kuwa wa moto au wa baridi, kupumua mbio, manjano, na kitovu chenye wekundu au usaha. Mwenye kuona dalili hizo asingoje asubuhi, amkimbize hospitali.

Nne, waume. Wiki mbili za sheria si za kwenda kunywa pombe ya pongezi. Anayelipa mkaja siku ya harusi na aulipe pia siku ya uzazi, kwa kuchota maji na kumlea mtoto mkubwa.

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Chama chetu kimejulikana kwa kuzika vizuri, na sifa hiyo tusiiache. Nayatoa mashauri haya nikiomba yajadiliwe katika mkutano wa mwaka, ili kitabu cha taarifa kijacho, pamoja na majina ya wale tuliowasindikiza, kiwe na orodha ya wale tuliowapokea.