Jina Kwenye Orodha: Kamukuywa, Kutoka Kipande Hadi Pesa za Wazee

Ukisimama sokoni Kamukuywa, kwenye barabara ya Webuye kwenda Kitale, utauona Mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba. Upande wa mashariki kuna mahindi ya Tongaren na Ndalu. Historia ya serikali na wanyonge wa hapa mimi huifuata kwa swali moja: nani aliandikwa, na aliandikwa kwa ajili gani?

Daftari la kwanza lilikuwa la kazi. Reli ilipofika Kitale mwaka 1926, Trans Nzoia ilikuwa tayari mikononi mwa walowezi. Sheria ya 1918 ilimdai skwota siku 180 za kazi kwa mwaka ndipo aruhusiwe kukaa na jamaa zake shambani, na tangu 1920 wanaume Waafrika wa miaka 16 na zaidi walining'iniza shingoni kipande, hati ya utambulisho na kazi. Daftari hilo halikuwa la kumsaidia mjane, yatima, mzee wala mlemavu. Waliachiwa ukoo.

Kisha ukaja mpango wa ekari milioni moja, ulioanza 1962 na kuzipa makao familia zipatazo 35,000 nchini. Tongaren ikakatwa viwanja. Ulikuwa ukombozi wa kweli kwa maskwota wengi, na sitaki kuudharau. Lakini kiwanja kilikuja na deni la kulipwa kwa miaka mingi, na asiye na nguvu za kulima angelilipaje?

Waogiek wa Chepkitale, huko juu mlimani, hawakuhesabiwa hata kama watu wenye kwao. Tume ya Ardhi ya Carter, miaka ya 1930, ilipendekeza jamii ndogo za msituni zimezwe na makabila makubwa. Mwaka 1971 wakahamishiwa Chebyuk. Ugawaji wa ardhi hiyo ulizaa ugomvi uliomwaga damu kati ya 2006 na 2008. Ilipofika Septemba 2022 ndipo mahakama ya ardhi iliyoko Bungoma ilipoamua kwamba Chepkitale ni yao. Uamuzi huo nauona mkubwa kuliko hotuba zote.

Hotuba zenyewe hazikukosekana. Machi 1995, serikali za dunia ziliahidi mjini Copenhagen kuutokomeza umaskini bila kumwacha mtu nje. Nchini Kenya, ahadi hiyo ilipata umbo ukimwi ulipojaza vijiji mayatima: mwaka 2004 yakaanza majaribio ya kuzipa fedha familia 500 za Nairobi, Kwale na Garissa. Wazee wakafuata, kisha watu wenye ulemavu mkubwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, ikautaja msaada huo kuwa haki. Mwaka 2018, mpango huo wa fedha, Inua Jamii, ukafunguliwa kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi asiye na pensheni, shilingi 2,000 kwa mwezi. Bado ni 2,000, na gorogoro la mahindi limepanda bei mara nyingi.

Kukhu, yaani bibi kwa Kibukusu, aliyetimiza miaka 70 mwaka 2018 alizaliwa 1948, mwaka ambao polisi waliwapiga risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa, vuguvugu la kidini lililopinga ukoloni, kule Malakisi. Wengi wa rika lake hawakuandikiwa cheti cha kuzaliwa. Ofisini huulizwa kitambulisho. Kijijini huulizwa kaka yake alitahiriwa mwaka gani, na wazee wa rika hilo hujibu bila kufungua daftari.