Msuruaki

Mtaalamu wa tiba ya viungo alivuta droo, akatoa kitu laini cha silikoni, mfano wa kitana chenye meno manene, akanivisha kati ya vidole vya mguu wa kulia. "Anza na dakika 10 kwa siku," alisema. "Ukizoea, ongeza."

Nilikuwa na miaka 31, saba kati ya hiyo nikiwa nimeimaliza kwa kusimama kaunta na viatu vyeusi vyenye ncha, kwa sababu utaratibu wa kazini ulitaka viatu vya wanawake vifunike vidole. Kidole gumba kilikuwa kimeanza kumlalia jirani yake. Pembeni, penye fundo la mfupa, palikuwa na nundu nyekundu iliyoniamsha usiku hata shuka lilipoigusa.

Jioni ile mama alinikuta sebuleni nimekivaa. Aliinama, akakitazama, akacheka.

"Huo msuruaki, mwanangu. Mtalawanda wake uko wapi?"

Mtalawanda nilikuwa naujua. Bibi alikuwa na jozi moja ndani ya kasha lake, Unguja: viatu vya mbao vilivyoinuliwa juu ya visigino viwili, ambavyo mtoto hakuruhusiwa kuvichezea. Msuruaki ndio sikuujua. Ni kile kijiti chenye kichwa kinachosimama juu ya ubao, ambacho mvaaji hukibana kati ya kidole gumba na cha pili. Mtalawanda wa aina hiyo hauna kamba wala ukanda. Kiatu kizima hushikwa na vidole viwili. Kumbe Kiswahili kilikuwa na jina la kitu kinachokaa katika nafasi ile muda mrefu kabla mimi sijajua kwamba nafasi ile inaweza kupotea.

Nilitaka kujua inapoteaje, nikaanza kusoma.

Mwaka 2021 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walichapisha matokeo ya kuchunguza mifupa ya watu 177 waliozikwa mjini humo na karibu yake katika zama za kati. Miongoni mwa waliozikwa kati ya karne ya 11 na ya 13, asilimia 6 tu walikuwa na kidole gumba kilichopinda. Miongoni mwa wale wa karne ya 14 na ya 15, walifika asilimia 27. Katikati hapo viatu vya mchongoko vilikuwa vimekuwa fasheni, ncha zikirefuka hadi mwaka 1463 Mfalme Edward IV akazitungia sheria ya kuzipunguza. Lakini takwimu iliyonishika ni nyingine. Katika makaburi ya kijijini, waliopinda vidole walikuwa asilimia 3. Katika makaburi ya nyumba ya watawa, walikozikwa pia watu wenye mali, walikuwa asilimia 43. Nundu ilimfuata mwenye uwezo.

Wala haikuwa siri. Mwaka 1781 Petrus Camper, tabibu wa Uholanzi, aliandika kitabu kizima kuhusu kiatu bora, akilalamika kwamba watu wanajali kwato za farasi kuliko miguu yao. Mwaka 1858 Georg Hermann von Meyer, mwalimu wa anatomia mjini Zürich, alieleza kwamba kiatu kinapaswa kukiacha kidole gumba kinyooke sambamba na mstari unaotoka kisiginoni. Katika miaka ya 1870 Carl Hueter, daktari wa upasuaji wa Ujerumani, akalipa tatizo jina la Kilatini ambalo madaktari wanalitumia mpaka leo. Kiatu chenye ncha kiliendelea kuuzwa.

Kisha ukaja mwaka 1904, na hapo nilisoma polepole zaidi.

Mwaka huo, Chicago, kijana aitwaye William Scholl alimaliza masomo ya udaktari na kuanza kuuza kifaa cha kuinua unyayo ndani ya kiatu. Biashara yake ilikua hadi kuuza vipande vya mpira vya kuweka kati ya kidole gumba na cha pili, babu wa silikoni yangu. Hakuwaambia wateja wavue viatu vyao. Aliwauzia kitu cha kutia ndani yake.

Mwaka huohuo, St. Louis, yalifunguliwa maonyesho makubwa ya dunia. Pamoja na mashine na majumba, yalionyesha watu. Zaidi ya Wafilipino elfu moja waliwekwa katika vijiji vya kuigiza ili watazamwe. Kutoka Kongo, Samuel Verner alileta kundi la vijana, akiwamo Ota Benga, ambaye miaka miwili baadaye angewekwa ndani ya kizimba cha nyani katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Daktari wa mifupa, Phil Hoffmann, aliona nafasi adimu: miguu mingi ambayo haijapata kuvaa kiatu. Mwaka 1905 alichapisha uchunguzi wa jozi 186 za miguu ya Wafilipino na Waafrika wa kati. Aliona vidole vilivyotawanyika, kidole gumba kimenyooka, na akasema tatizo ni kiatu, si mguu.

Hoffmann alikuwa sahihi. Mwaka 1958 madaktari wawili wa Hong Kong walilinganisha Wachina waliovaa viatu na wasiovaa: kidole gumba kilikuwa kimepinda kwa asilimia 33 ya waliovaa, na kwa asilimia 2 hivi ya wasiovaa. Lakini siwezi kuisoma picha ya mguu uliopigwa St. Louis bila kujiuliza mwenye mguu alirudi kwao lini. Mguu wake ulisifiwa kuwa kamili, na mwenyewe alitazamwa kama kiumbe pungufu.

Huku kwetu nako mguu mtupu haukuwa afya tu. Unguja ya karne ya 19, mtumwa hakuruhusiwa kuvaa viatu wala kufunika kichwa. Kiatu kilimtambulisha mwungwana. Mitalawanda ya wake wa matajiri ilichongwa nakshi, mingine ikapambwa kwa fedha. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, waliokuwa watumwa walibadilisha mavazi kabla hata ya kupata shamba: kofia kichwani, viatu miguuni. Miaka hiyohiyo funza, aliyeletwa Angola kwa meli kutoka Brazili mwaka 1872, alikuwa amelivuka bara akafika pwani yetu, akila vidole vya wasio na viatu. Kwa hiyo anayeniambia "turudi pekupeku kama mababu", namuuliza mababu gani.

Nilimuuliza mama ile jozi ya kashani ilitoka wapi. Alitazama mlangoni kwanza, ingawa tulikuwa wawili tu. Bibi yake bibi, alisema, alizaliwa shambani, mali ya mtu. Mitalawanda ile aliinunua mwenyewe alipokuwa mtu mzima. Haikuwa na fedha wala nakshi. Ndani ya nyumba aliivaa hata alipokuwa hana pa kwenda, ili isikike.

Silikoni yangu naendelea kuivaa, nikiwa najua mipaka yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliowafuatilia wanawake wenye nundu kama yangu, ulionyesha kwamba soli ya ndani yenye kitenganisha vidole ilipunguza maumivu, lakini pembe ya mfupa haikubadilika. Huzuia vidole kusuguana na kuota sugu katikati. Hakinyooshi mfupa wa mtu mzima. Na mwenye kisukari ambaye miguu imepoteza hisia asikivae bila ushauri, maana kinaweza kumchubua asijue. Kilichonisaidia zaidi ni kiatu kipana mbele. Kazini nilikwenda nacho bila kuomba ruhusa. Mpaka sasa hakuna aliyeniuliza.

Usiku ule mama alitaka kujaribu. Yeye alikwenda shule pekupeku, baadaye na katambuga, na harusini hukunja miguu ndani ya gauni ili watu wasione vidole vyake vilivyotawanyika. "Miguu ya kishamba," husema. Nilipiga magoti, nikamvisha. Kilimpwaya. Nafasi kati ya vidole vyake zilikuwa pana kuliko meno ya silikoni. Aliinua mguu, kikadondoka sakafuni.

"Hakinitoshi," alisema, akavuta kanga kuufunika mguu.

Nikamwomba auache nje kidogo, niutazame.