Nyumba ya Mgeni Ugenini: Mafunzo Kutoka Makka na Sheria ya Uthmania ya 1867

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wako ndugu zetu wengi wanaokwenda kuishi nchi za watu, wakachuma, kisha wakataka kununua nyumba. Sheria ya nchi ikiwakatalia, humtafuta mwenyeji na kuiandikisha nyumba kwa jina lake, wakisema: "Huyu ni Muislamu mwenzangu, hatanidhulumu." Miaka michache iliyopita niliitwa kusuluhisha jambo la namna hiyo. Mnunuzi amekufa, mwenye jina naye amekufa, na watoto wa mwenye jina hawajui lolote ila hati iliyo mikononi mwao. Mjane wa mnunuzi hakuwa na shahidi wala karatasi. Sikuwa na la kufanya ila kuwakumbusha watoto wale kumcha Mwenyezi Mungu.

Jambo hili si geni katika historia ya Waislamu.

Nyumba za Makka

Wanazuoni walihitilafiana zamani kuhusu mji wa Makka wenyewe. Aya ya 25 ya Suratul Hajj inamfanya mkaazi na mgeni kuwa sawa mbele ya Msikiti Mtukufu. Imamu Abu Hanifa (Allah amrehemu) alichukia kuuzwa ardhi ya Makka, na imepokewa kuwa Sayyidna Umar (R.A.) aliwakataza watu wa Makka kuweka milango katika nyumba zao ili mahujaji wapate pa kufikia. Imamu Shafi (Allah amrehemu) aliona usawa huo ni katika Msikiti na ibada, ama nyumba ni milki ya wenyewe. Miongoni mwa hoja zake ni Hadithi ya Usama (R.A.), ambamo Mtume (S.A.W.) aliuliza kama Aqil alikuwa amewaachia nyumba yoyote, kwani Aqil ndiye aliyemrithi Abu Talib. Tena katika zama za Umar (R.A.) ilinunuliwa nyumba ya Safwan bin Umayya hapo Makka ikafanywa gereza. Rai hii ya Shafi ndiyo iliyotendewa kazi, na nyumba za Makka zikauzwa na kurithiwa karne baada ya karne.

Basi zamani swali lilikuwa: je, ardhi hii inauzika? Katika karne ya 19 lilikuja swali jingine: huyu mnunuzi ni raia wa dola gani?

Sheria ya 1867

Kabla ya mwaka huo, dola ya Uthmania haikuwaruhusu raia wa kigeni kumiliki ardhi wala majumba. Hata hivyo walinunua, kwa kutumia majina ya raia wa Kiuthmania, wengine majina ya wake zao. Mbele ya sheria, mwenye nyumba alikuwa yule aliyeandikwa, na mgeni alibaki kutegemea uaminifu wake tu. Dola nazo hazikuridhika, na mwaka 1856 Sultani Abdulmajid aliahidi katika Khatti Humayun kuwa wageni wataruhusiwa kumiliki.

Ahadi ilitimizwa mwezi wa Safar 1284 Hijria, yaani Juni 1867. Mgeni aliruhusiwa kumiliki mjini na shamba sawa na raia, kwa sharti kwamba alipe kodi kama raia, na kesi zote za ardhi zihukumiwe na mahakama za Kiuthmania, si na balozi wake. Kila dola ilitakiwa kwanza ikubali masharti hayo. Ufaransa na Uingereza zilikubali mwaka 1868, Marekani mwaka 1874. Balozi hawakuachia yote: nyumba ya mgeni haikuingiwa na askari bila ya balozi au mjumbe wake kuwepo, isipokuwa ikiwa mbali zaidi ya mwendo wa saa tisa kutoka anapokaa balozi.

Sehemu moja ilitolewa katika ruhusa hiyo, nayo ni Hijazi. Zingatia hapa, ewe msomaji. Sheria haikutaja dini, ilitaja uraia. Kwa hiyo Muislamu wa India aliyekuwa raia wa Uingereza, au wa Java aliyekuwa chini ya Waholanzi, naye alizuiwa, na katika miaka ya 1880 dola ilisisitiza katazo hilo. Iliogopa kwamba kila nyumba ya raia wa kigeni ingekuwa mlango wa balozi kuingilia Makka na Madina.

Utawala ulibadilika, lakini msingi wa uraia ulibaki. Sheria ya Saudia ya mwaka 1421 Hijria (2000) ilimzuia asiye Msaudi kumiliki katika miji hiyo miwili ila kwa mirathi, au kwa kununua na kuweka wakfu. Muislamu mgeni aliruhusiwa kukodi kwa muda usiozidi miaka miwili unaoweza kurudiwa. Sheria mpya iliyopitishwa mwaka 2025 imefungua zaidi mlango kwa wageni katika maeneo maalumu, na mtu binafsi anayenunua Makka au Madina lazima awe Muislamu.

Tunajifunza nini?

Kwanza, anayeingia nchi ya watu kwa ruhusa yao amefunga ahadi nao. Mafakihi wamesema kuwa Muislamu aliyeingia kwa amana haifai kuwafanyia khiyana. Viza ndiyo amana ya leo. Kukwepa sheria yao kwa jina la kuazima ni kuvunja ahadi.

Pili, kadhi huhukumu kwa yaliyo dhahiri. Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kuwa anahukumu kwa anayoyasikia, na kwamba aliyehukumiwa haki ya ndugu yake amekatiwa kipande cha moto. Hati ya mwenye jina inaweza kushinda mahakamani, na isimwokoe Akhera.

Tatu, kwa ambaye jambo limekwisha kumpata: andika leo, shuhudisha waadilifu wawili, na wajulishe warithi wako na wake ungali hai. Ikiwa nchi hairuhusu kununua, kodi. Nyumba ya kukodi kwa haki ni bora kuliko kasri ambalo mayatima wako watafukuzwa.

Wallahu a'lam.