Nyumba Kuu ya Kasubi na Mageuzi Yake

Kilima cha Kasubi kimo ndani ya mji wa Kampala, na eneo lake la urithi lapata eka 66. Sehemu yake kubwa ni mashamba yanayolimwa kwa njia za wazee. Juu ya kilele imesimama nyumba ya mviringo iitwayo Muzibu Azaala Mpanga. Mgeni aionapo hudhani haikubadilika tangu kale. Kumbe imegeuzwa mara nyingi.

Kabaka Muteesa wa Kwanza aliijenga mwaka wa 1882 iwe jumba lake. Huyu ndiye mfalme aliyejifunza Kiarabu na kufunga Ramadhani miaka kadhaa, kwa mafundisho ya wafanya biashara waliotoka pwani, ambao walianza kufika Buganda zama za baba yake, Suna wa Pili. Alipofariki mwaka wa 1884, jumba likawa kaburi. Desturi ilikuwa taya la Kabaka litengwe na mwili, lihifadhiwe mahali pake; Muteesa alivunja desturi hiyo, akazikwa mwili mzima. Tena, zamani kila Kabaka alikuwa na kaburi lake mbali. Lakini humo walizikwa baadaye Mwanga wa Pili, aliyefia Shelisheli mwaka wa 1903 na kurudishwa 1910. Daudi Chwa wa Pili, aliyefariki 1939. Na Edward Muteesa wa Pili, aliyefia London mwaka wa 1969 na kurudishwa 1971. Hivyo nyumba ya mtu mmoja aliye hai ikawa makao ya wafalme wanne.

Upana wake ni kama mita 31, na kimo chake mita saba na nusu. Paa la nyasi hushuka hata kukaribia ardhi. Ndani, chini ya paa, mna pete 52, kwa hesabu ya koo za Buganda, na nguzo zimevikwa nguo za magome ya mti wa mutuba. Kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye, nao huipokea mwana kwa baba.

Mwaka wa 1938 nyumba ilitengenezwa upya, zege na chuma vikaingizwa. Lakini nyasi, matete na magome yakabaki. Mwaka wa 2001 UNESCO iliiandika katika urithi wa ulimwengu. Kisha usiku wa tarehe 16 Machi, 2010, moto ukaiteketeza, na mwaka huo huo ikaingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Kuijenga tena kulichukua zaidi ya miaka kumi. Fedha zaweza kununua nyasi, bali haziwezi kununua mkono ujuao kuzifunga. Ilibidi vijana wafundishwe na mafundi wazee waliosalia. Mwezi wa Septemba, 2023, katika mkutano uliofanyika Riyadh, nyumba hiyo iliondolewa katika orodha ya hatari.

Basi kilichoidumisha nyumba ya Kasubi si nyasi zake, kwani nyasi huoza na kuungua, wala si zege. Ni ujuzi uliokabidhiwa watu wanaojulikana, nao wakaushika kama amana. Jamaa yo yote yenye msikiti au madrasa ya zamani na izingatie hayo: kuta hutengenezeka, lakini fundi akifa bila mwanafunzi, ufa wake hauzibiki.