Vilabu Vidogo Mbele ya Vilabu Vikubwa: Historia Fupi ya Mashindano ya Kikombe



Kitabu cha taarifa ya mwaka kwa desturi hubeba hesabu ya fedha, majina ya wenzetu waliotutoka, na habari za masomo ya watoto wetu. Huenda wengine wakaona ajabu kukuta humu habari za mpira wa miguu. Lakini kwetu Kakamega mpira na vyama vya kusaidiana vililelewa katika nyumba moja, wala historia ya kimoja haisomeki vema pasipo ya kingine. Kwa hiyo naomba ruhusa nieleze jinsi vilabu vidogo vilivyopata kuvishinda vilabu vikubwa, na hasa mambo yaliyofuata baada ya ushindi huo, kwa maana hayo ndiyo yenye mafundisho kwetu.

Kwanza yafaa kutofautisha ligi na kikombe. Katika ligi kuu ya Kenya timu 18 hukutana nyumbani na ugenini, na kila moja hucheza michezo 34. Safari ndefu namna hiyo humfaa mwenye wachezaji wengi na mfuko mzito; akianguka leo, ana nafasi ya kuinuka juma lijalo. Kikombe cha mtoano sicho hivyo. Vilabu vya madaraja mbalimbali hutiwa katika kura moja, wawili hukutana, na aliyeshindwa hufunga mizigo yake. Utaratibu huo ulianza Uingereza katika msimu wa 1871–72, vilabu 15 vikiandikishwa. Hapa Kenya kikombe cha taifa kilianza mwaka 1956, nacho kimebadilishwa majina mara nyingi. Wengi wetu twakijua zaidi kwa jina la Moi Golden Cup.

Mdogo hupataje kumshinda mkubwa? Sababu ya kwanza ni kwamba hatakiwi kuwa bora mwaka mzima, ila kwa muda wa dakika 90 tu. Ya pili, akibahatika kucheza kwao, anajua kila kishimo cha kiwanja chake, na mashabiki wanaomzunguka ni ndugu na jirani. Ya tatu iko moyoni: mkubwa anacheza akihofia aibu, na mdogo hana cha kupoteza. Wahenga walisema: mdharau mwiba, guu huota tende.

Mifano ya nchi za mbali ni mingi, nami nitataja mitatu. Mwezi wa Januari mwaka 1949, Yeovil Town, klabu iliyokuwa nje kabisa ya madaraja makuu ya Uingereza, iliifunga Sunderland 2–1 katika kiwanja chake kilichoinama upande mmoja kama shamba la mlimani. Mwaka 1972 Hereford United, nayo ya daraja la nje, iliitoa Newcastle United kwa mabao 2–1. Na mwaka 2000 huko Ufaransa, Calais, timu ya daraja la nne yenye wachezaji wa ridhaa, waliokuwa na kazi zao nyingine za kuwalisha, ilifika fainali ya kikombe cha taifa. Ilishindwa na Nantes 2–1, kwa penalti ya dakika za mwisho kabisa.

Mambo hayo yalipigiwa makofi dunia nzima. Lakini karani amefunzwa kufungua ukurasa unaofuata. Mwaka 2014 mahakama iliamuru Hereford United ivunjwe kwa sababu ya madeni, na wapenzi wake wakalazimika kuunda klabu mpya. Calais nayo ilifilisiwa mwaka 2017. Siku kuu ya kikombe ilikuwa ya kweli, wala hakuna awezaye kuwanyang'anya. Ila haikutosha kulipa madeni.

Tukirudi kwetu Kenya, tunayo mifano ya namna nyingine. Mwaka 1987 huko Mathare, Nairobi, kilianzishwa chama cha michezo cha vijana kiitwacho MYSA. Vijana wale walicheza mpira, na pia walizoa takataka za mtaa wao, na timu iliyosafisha ilipewa pointi katika ligi yao. Katika chama hicho ilizaliwa Mathare United, na mwaka 1998, ikiwa bado daraja la pili, ilitwaa kikombe cha taifa. Miaka kumi baadaye, mwaka 2008, ikawa bingwa wa ligi kuu. Tuangalie mpangilio wa mambo: chama kilitangulia, kikombe kikafuata.

Karibu zaidi ni habari ya Nairobi United. Mwezi wa Juni mwaka 2025 klabu hiyo, ambayo msimu ule ilicheza daraja la pili na kupanda, iliifunga Gor Mahia 2–1 katika fainali. Gor Mahia ndiyo klabu iliyotwaa ubingwa wa Kenya mara nyingi kuliko zote. Mwaka huohuo Nairobi United iliitoa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa mikwaju ya penalti, ikaingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika.

Sasa nije kwa yaliyo yetu wenyewe. Watu wetu walipokwenda mijini kutafuta kazi, walianzisha vyama vya kusaidiana kwa kufuata walikotoka, na kando ya vyama hivyo vikaota vilabu vya mpira: Marama, Kisa, Bunyore, Tiriki, Samia na vinginevyo. Kila kimoja kilikuwa na fahari yake, na kila kimoja kilikuwa kidogo. Mwezi wa Machi mwaka 1964 vilabu hivyo viliunganishwa, ikazaliwa Abaluhya United. Wenye kukumbuka watakubali kwamba haikuwa kazi nyepesi, kwa maana ni vigumu mtu kuvua jezi ya kwao na kuvaa ya wote. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka 1966, miaka miwili tu baada ya kuungana, Abaluhya ilikuwa bingwa wa Kenya. Hapo ndipo alipocheza Joe Kadenge, aliyefariki mwaka 2019, ambaye jina lake lilitoka katika redio hadi likawa msemo wa nchi nzima.

Mwaka 1980 serikali iliagiza vyama vya kikabila vivunjwe na vilabu viache majina ya makabila, na klabu yetu ikaitwa AFC Leopards. Jina lilibadilika, nguvu haikupungua: mwaka 1982, 1983 na 1984 ilitwaa kikombe cha vilabu vya Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo. Hivyo watoto wa vilabu vidogo wakawa ndio wakubwa wanaowindwa na wengine. Lakini ukubwa nao haukutiwa sahihi ya milele. Katika miaka ya 2000 klabu hiyo hiyo ilishuka daraja, ikasafiri viwanja vya vumbi kama mgeni yeyote, hata iliporudi ligi kuu mwaka 2009.

Na hapa Kakamega penyewe twamshukuru Mungu kwamba mbegu haijaoza. Kakamega Homeboyz, wanaocheza katika uwanja wetu wa Bukhungu, walimaliza ligi ya 2021–22 wakiwa na pointi sawa na Tusker, wakakosa ubingwa kwa hesabu ya mabao tu. Mwaka 2023 walitwaa kikombe cha taifa.

Je, historia hii yatufundisha nini? Naona jambo moja. Kikombe humpa mdogo siku moja, lakini siku hiyo haiwi mwaka ila penye chama nyuma yake: daftari la wanachama, mweka hazina atoaye stakabadhi, kamati inayokutana hata timu inaposhindwa. Klabu inayotegemea mfuko wa mtu mmoja huishi kadiri ya mfuko huo, au kadiri ya moyo wa mwenye mfuko. Klabu inayotegemea shilingi chache za watu wengi huvumilia kiangazi.

Katika vijiji vyetu wapo vijana wachezao bila viatu, na timu zao hufa kila mwaka nauli inapokosekana. Hawakosi ustadi, wanakosa watu wa kuwasimamia. Waliotangulia walikuwa maskini kuliko sisi, hata hivyo walichanga kwa ajili ya mazishi, wakachanga kwa ajili ya karo, na kilichobaki wakanunua mpira. Tunaposoma hesabu zilizo katika kurasa zifuatazo, na tujiulize kama ipo fungu la vijana hao. Na kama haipo, mkutano mkuu ndio mahali pa kuiweka.