Ukumbi wa Msuka

Ndani ya mihrabu ya msikiti wa kale wa Msuka Mjini, kaskazini mwa Pemba, umechorwa mwaka 816 Hijria, yaani kati ya 1413 na 1414 Miladia. Ni zama zile zile ambapo twiga kutoka Malindi alifikishwa China, mwaka 1415. Vasco da Gama alikuwa hajazaliwa.

Naandika habari za magofu haya nikiwafikiria vijana wanaopenda michezo ya njozi, ile ambayo kila mchezaji huwa shujaa, mchawi au mwizi, wakapita pamoja kwenye majumba ya kale yenye hazina na mazimwi. Mchezo uliofungua njia, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, na kumbi zake nyingi ni za Ulaya ya kaskazini: pana, zenye meza ndefu, moto unaowaka na kiti cha enzi mbele. Upana huo ulitokana na misitu yao, yenye miti ya kutoa mihimili mirefu. Pwani yetu ilijenga kwa boriti za mikandaa, na boriti haivuki mbali. Ndiyo maana vyumba vya mawe vya Waswahili ni virefu na vyembamba. Aliyetaka nafasi kubwa ilimbidi asimamishe nguzo safu kwa safu, au ajenge makuba kama walivyofanya Kilwa.

Na nani aliyetaka nafasi kubwa? Huko Chwaka, karibu na Tumbe, Pemba hiyo hiyo, wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta kuwa wakazi wengi waliishi katika nyumba za miti na udongo, huku msikiti ukijengwa kwa mawe. Kazi yenyewe haikuwa ndogo. Matumbawe yalitolewa baharini yakachongwa yangali laini, mengine yakachomwa juu ya lundo la magogo yawe chokaa. Mji uliokubali taabu hiyo uliiweka kwanza mahali ambapo wote wangesimama bega kwa bega. Kwa maoni yangu, huo ndio ukumbi mkuu wa Pemba ya kale, wala si jumba la mtawala.

Jumba la mtawala lipo, Pujini, lenye boma la kuta na handaki. Masimulizi yanamtaja Mkama Ndume, aliyewalazimisha watu kubeba mawe huku wakijikokota kwa makalio. Chini ya ardhi mna chumba ambamo siwa, ile pembe ya utawala, imechongwa kwa chokaa ukutani. Mpenzi wa michezo ya njozi atakimbilia huko, na simlaumu. Lakini Pujini ni hadithi ya mtu mmoja na hofu aliyoitia. Msuka ni mji mzima uliokusanyika, na hadithi ya namna hiyo ndiyo iliyo adimu katika michezo hiyo.

Anayetaka kuutunga mchezo wa kwetu na aanzie hapo. Wahusika wake wavue viatu na watawadhe kabla ya kuvuka kizingiti. Wapite kati ya nguzo, kwenye njia nyembamba kwa kipimo cha boriti. Waelekee kaskazini moja kwa moja, kwa kuwa kutoka Pemba Makka iko kaskazini, upande ule ule wa Ras Kigomasha na bahari iliyoleta wageni. Na mbele, mahali ambapo mchezo wa Ulaya ungeweka kiti cha enzi, wakute mihrabu yenye tarehe.