Taa ya Kimulimuli

Sisi sote tulipokuwa watoto tuliwakamata vimulimuli nyuma ya nyumba, tukawatia katika chupa, tukashangaa: mbona taa hii haichomi mkono? Kibatari kidogo huunguza kidole, lakini kimulimuli ni baridi.

Jambo hilo liliwasumbua hata wenye elimu. Mwaka 1667, huko Uingereza, bwana Robert Boyle alitwaa kipande cha mti uliooza, wenye kung'aa gizani, akakifunika kwa kioo, akaivuta hewa kwa pampu. Mwanga ukafifia. Akairudisha hewa, ukang'aa tena! Kumbe mwanga usio na moto nao wataka pumzi. Ndivyo ilivyo kwa wadudu pia.

Mwaka 1885 Mfaransa Raphaël Dubois aliwachunguza wadudu wakubwa wenye kung'aa wa visiwa vya Antilles. Alisaga viungo vyao vya mwanga. Sehemu moja aliitia katika maji baridi, akangoja mpaka ikazimika. Nyingine aliitia katika maji ya moto, ikazimika mara. Kisha akayachanganya maji yote mawili, nayo yakawaka. Basi dawa ni mbili: moja ni kama mafuta ya taa, ya pili huyawasha, nayo huharibiwa na joto. Akaziita lusiferini na lusiferasi. Jina hilo lisimtishe msomaji. Kwa Kilatini lucifer ni mwenye kuleta mwanga, na Waroma waliiita hivyo nyota ya asubuhi.

Lakini kimulimuli aliyesagwa huzimika upesi. Kwa nini? William McElroy, mwalimu wa chuo kikuu mjini Baltimore, Marekani, alihitaji wadudu wengi mno, akawalipa watoto senti 25 kwa kila vimulimuli mia. (Hata sisi tungalikimbia majanini!) Mwaka 1947 akatangaza kwamba kilichopungua ni ATP, ile ile inayotia nguvu misuli ya mikono yetu. Akiiongeza, mwanga hurudi. Na kwa kuwa kila chenye uhai kina ATP, leo wakaguzi huitumia lusiferasi kutambua uchafu uliojificha katika vyombo vya chakula.

Je, mdudu mwenyewe ang'aa kwa faida gani? Dume huruka akimulika kwa alama za kabila lake, na jike hujibu kutoka majanini. Lakini mwaka 1965 James Lloyd wa Marekani alieleza ujanja wa majike wa Photuris: huiga jibu la kabila jingine. Dume hushuka akidhani amepata mchumba, naye huliwa.